Mtenge na Wenzake

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza. Si ya maana, ni ya kulaza vumbi tu, lakini Baba amekaa barazani akiitazama utadhani yeye ndiye aliyeiagiza.

Leo amemtoa Bi Mdogo kwenye kibanda chake nyuma ya jiko akampeleka zizi la chini, walipo majike wanaongoja kupandishwa na wale ambao mimba zao hazijathibitika. Anasema umri umefika. Bi Mdogo ni mtamba wake, hajazaa bado, na jina hilo lina kisa. Ng'ombe aliyemzaa alikufa siku ile ile ya kumzaa, mwaka ule tuliomzika Mama, na Baba akamlea ndama kwa chupa kama mtoto mchanga. Watu wakamtania kwamba mzee hakumaliza hata mwaka ameshapata bi mdogo. Akacheka, jina likabaki. Mimi sikucheka. Aliyelifurahia zaidi ni binti yangu, maana tangu akiwa mdogo babu yake humwita "mke wangu", na sasa kila akipiga simu lazima amuulize hali ya mke mwenza.

Mtamba mwenyewe ni mzuri wa uso lakini kadumaa. Waliozaliwa naye wamemzidi kimo, na wengine wameshazaa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kweli usiku kucha. Mfereji wa zizi la chini umeziba, nimeuzibua na Wifi, mke wa kaka yangu. Kaka anafanya kazi mbali na huonekana kwa nadra, kwa hiyo mifugo hii ni yangu, Wifi na Baba. Wifi alishika koleo kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake mkoba.

Zizi la chini halinipi presha. Roho yangu iko zizi la juu, nyuma ya nyumba, tunakowaweka wenye mimba peke yao. Wako wanne. Mmoja mimba yake ni kubwa, watatu bado changa, na katika hao watatu yumo Madoa. Madoa si wetu tena, ila mdomo bado unamwita wetu. Nimemwahidi binti yangu. Alipunguzwa kazini mwaka jana, yeye na mumewe wakarudi kwenye kiwanja chao na wakajenga banda kwa mikono yao wenyewe. Mvua zikiisha na barabara ikikauka, mkwe wangu atakuja na gari kumchukua. Ng'ombe anayekamuliwa, tena mwenye mimba, huo ndio mtaji wote walio nao. Kila nikimpigia simu ananisimulia banda.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Maziwa kama kawaida.

Ijumaa, 14 Machi

Zizi la chini wanahara, wengine wanakohoa. Maziwa yamepungua. Wifi anasema ni majani mapya, yana maji mengi. Huenda, mara moja moja naye husema la maana.

Jumanne, 18 Machi

Si majani. Walioshika mimba mwezi jana wamerudi kwenye joto la kutaka dume, tena zaidi ya mmoja. Baba anasema ni bahati mbaya. Bi Mdogo hana lolote, anakula, anajilamba, anapita kwa wenzake na kuwanusa mmoja mmoja kama bibi harusi anayesalimia wageni.

Alhamisi, 20 Machi

Ng'ombe mwekundu wa zizi la chini katupa mimba. Nimempigia Daktari.

Daktari wa mifugo huyu ni mgeni kwetu, kijana mrefu mwenye buti safi kupita kiasi. Anaongea kama mtu anayelipia kila neno. Nilimweleza tangu kuhara mpaka mimba, akajibu, "Sawa." Nikamwuliza ni ugonjwa gani, akajibu, "Tupime." Kwa koleo dogo kama mkasi akakata kipande cha sikio cha kila ng'ombe, zizi la chini na la juu, kidogo kama ukucha, akavitia kwenye vichupa. Akachukua na damu. Alipofika kwa Bi Mdogo, Baba akamshikia kichwa mwenyewe na kumfunika macho kwa kiganja.

Wakati Daktari anaondoka nikamwuliza anashuku nini. Akasema kuna kirusi, na mara nyingi kwenye kundi hupatikana mmoja anayekibeba maisha yake yote bila kuumwa, huku akiwagawia wenzake. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyonipa, na alinipa mimi nikiwa peke yangu getini. Sikumwambia Baba. Niliona hakuna haja ya kumtia hofu kabla ya majibu.

Jumapili, 30 Machi

Shangazi yangu kaanguka bafuni kavunjika mkono. Kesho nakwenda kumuuguza. Nimewaachia Baba na Wifi mifugo na simu ya mifugo, ile ndogo ya batani ambayo Daktari anapigia.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimerudi jana jioni. Shangazi hajambo, mdomo wake haukuvunjika.

Nimekuta furaha. Baba kanipokea getini na kabla sijatua begi kaniambia, "Bi Mdogo amebeba." Daktari alipiga simu. Baba kamhamishia zizi la juu na wenye mimba wenzake, kamtengea kona kavu na kumpa pumba ambayo tulikuwa tunawabania wengine. Nilishangaa kidogo, maana sikumwona akishika joto sawasawa, lakini nani mimi nibishane na maabara. Nikamwuliza na ule ugonjwa je? Akasema Daktari hakusema zaidi, alitaja Bi Mdogo tu.

Asubuhi nikaenda kumwona. Anakunywa kwenye ndoo moja na Madoa, pua kwa pua. Nilimpapasa shingoni, nikamwambia hongera. Nilijisikia vibaya kwamba miaka yote hii nimemwonea gere mnyama.

Binti kapiga simu. Akasema mke mwenza kamtangulia.

Jumapili, 13 Aprili

Madoa ana joto kidogo na anahara. Maziwa nusu. Nadhani ni pumba anayodokoa kwa Bi Mdogo, amezoea majani.

Jumatano, 16 Aprili

Madoa mzima. Wale wawili wenye mimba changa nao walisumbuka siku moja mbili, wamepona. Mvua haikatiki. Daraja la chini limekatika, gari la maziwa linaishia ng'ambo na tunavusha madumu kwa mkono.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Wifi kateleza na dumu la maziwa, kakaa kwenye matope akicheka mpaka na mimi nikakaa.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Daraja limewekewa magogo na Daktari kavuka asubuhi, buti zake safi kashika mkononi. Nilimkaribisha chai akakataa, akasema amekuja kuona nafasi alipokuwa yule mtamba na kupulizia dawa. Nikamwambia nafasi gani? Akasema, ya yule mliyemtenga. Nikamwambia mbona yuko huku, mzima, njoo umwone, tena anakula kuliko wote. Nikatangulia, naye akanifuata hadi zizi la juu. Bi Mdogo alikuwa amelaza kidevu mgongoni kwa Madoa.

Daktari hakuingia. Alisimama nje ya mlango wa miti. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kamleta hapa?"

Baba alikuwa nyuma yetu. Akasema, "Si wewe?"

Basi ndipo ilipotoka. Daktari alipiga simu siku ile, mtandao unakatika, Baba akapokea. Nimewauliza wote wawili maneno yenyewe, kila mmoja kwa upande wake, na wote wananipa yale yale, hawatofautiani hata herufi. Daktari alisema, "Bi Mdogo amebeba. Mtenge na wenzake."

Kwa Daktari ilikuwa na maana moja tu. Amebeba kirusi, mwondoe kwa wenzake. Kwa Baba pia ilikuwa na maana moja tu. Amebeba mimba, na wenzake ni wale waliobeba, basi mtenge pamoja nao. Na mimi niliyejua habari za mbebaji nilikuwa nimekaa kwa Shangazi nikimkorogea uji, na niliporudi niliambiwa kwa neno lile lile nikaona mimba, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosema hapa nyumbani tangu nizaliwe. Ng'ombe akibeba, kabeba nini kingine?

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nilimkasirikia aliyekuwa karibu. Nikamwambia Daktari kwamba maneno hayauzwi, angeongeza moja tu. Nilitegemea ajitetee. Akasema, "Ni kweli, Mama. Kosa langu." Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na akatueleza yote, taratibu, kama mtu aliyeamua kulipa deni lote la maneno kwa mkupuo.

Alisema hivi. Ng'ombe mzima akipata kirusi hiki anaumwa siku chache, mwili unakifukuza, basi. Lakini kikimkuta na mimba changa kinapenya hadi kwa ndama tumboni. Mwili wa ndama wakati huo bado haujajua lipi lake na lipi la mgeni, unakiona kirusi ni ndugu wa nyumbani na haukifukuzi tena maisha yake yote. Anazaliwa nacho. Kimo mate, kimo makamasi, kimo mkojo, kila siku mpaka afe. Wengine hudumaa, wengine huwezi kuwatofautisha na wazima. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bi Mdogo. Watu hakiwapati, hata kwa maziwa wala nyama. Ni cha ng'ombe.

Wenye mimba wa zizi la juu walikuwa safi wote. Damu zao zilionyesha hawajawahi hata kukutana nacho, yaani hawana kinga ya aina yoyote. Mimba kubwa haina shida sana, ndama yule ameshaanza kujilinda mwenyewe. Wale watatu wenye mimba changa ndio tuliowapelekea kirusi mlangoni, tukakiwekea na pumba.

Nikamwuliza Madoa. Akasema joto lile la Madoa ndilo lenyewe. Kapona, sasa hivi ana kinga kuliko mimi na yeye. "Lakini aliyemo tumboni," akasema, "anaweza kuwa kama Bi Mdogo, anaweza asiwe. Hapa hatuna kipimo cha kumjua kabla hajazaliwa."

Bi Mdogo karudishwa kibandani nyuma ya jiko. Daktari kamkata sikio tena, maana utaratibu ni kupima mara mbili, kuna anayeonekana kabeba kumbe alikuwa anapita tu kwenye ugonjwa. Baba kalishika hilo la mara mbili na haliachii. Baada ya chakula nimemsikia akimwambia Wifi mara tatu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimepulizia dawa zizi zima. Ndoo nimebadilisha. Sijaongea na Baba.

Jumatatu, 28 Aprili

Binti kapiga. Wamemaliza kuezeka. Akaniuliza Madoa anapenda kulala upande gani, ili hori waliweke upande wa pili. Nikamwambia upande wa kushoto. Sikumwambia lingine.

Jumamosi, 3 Mei

Majibu ya pili ni yale yale ya kwanza. Safari hii Daktari hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, akakaa mbele ya Baba na kusema kila neno kwa ukamilifu wake: ana kirusi, hatapona, hakuna dawa, asikae na ng'ombe yeyote, asiuzwe kwa mfugaji yeyote, aende machinjioni. Waliobaki zizi la chini atawachanja kabla hatujapandisha tena. Kila ndama atakayezaliwa atapimwa sikio kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Baba akauliza kama anaweza kumfuga peke yake, nyuma ya jiko, mpaka azeeke. Daktari akasema mpaka sasa ilikuwa bahati tu, siku akipiga chafya upepo ukiwa wa huku, hapo hapo kirusi kimeshafika zizi la juu. Baba akaitikia kwa kichwa. Hakusema ndiyo wala hapana.

Mimi sina la kufanya. Ng'ombe ni wa Baba, neno ni la Baba.

Jumapili, 4 Mei

Hajasema.

Jumatatu, 5 Mei

Hajasema. Mvua ndogo. Anakaa kibandani na mnyama wake tangu staftahi.

Nimemwambia Wifi kwamba mzee anatuponza kwa mapenzi ya uzeeni, na kwamba angekuwa na huruma na mjukuu wake nusu ya huruma aliyo nayo kwa mtamba, leo tungelala. Wifi alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Wifi yangu, mwonee huruma, hana mwingine anayemngoja asubuhi." Nikaona anajifanya mwema bure.

Jumanne, 6 Mei

Dalali wa mifugo kaja. Wifi ndiye aliyemwita, na hapo nikaona sikukosea jana niliposema anajifanya mwema. Aliona njia ya katikati: Bi Mdogo auzwe mnadani, mbali, kama mtamba wa kufugwa. Kwa hiyo hachinjwi, mzee haumii, sisi tunapata bei ya ng'ombe badala ya bei ya nyama. Dalali akamzunguka Bi Mdogo, akamsifia ngozi, akataja bei nzuri. Akasema ana mnunuzi tayari huko mnadani, naye atashukuru.

Nakiri nilinyamaza. Nilitaka atoke hapa, kwa mlango wowote.

Baba ndiye aliyezungumza. Alimwuliza dalali yule mnunuzi ana ng'ombe wengine? Dalali akasema anao, mfugaji mzuri, ana wenye mimba kadhaa. Baba akamshukuru kwa kupoteza muda wake na akamsindikiza hadi getini, kama ilivyo adabu.

Aliporudi kakaa karibu yangu, kwenye ngazi ya jikoni. Ndiyo mara ya kwanza tunakaa hivyo tangu siku ile. Akasema, "Mwanangu, mimi nilijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Kwamba hayuko sawa. Tangu mwaka wa kwanza. Ndama mzima haugui akalala chini siku nyingi namna ile, halafu asikue. Nikajiambia, siku akibeba mimba nitajua nilikosea. Kwa hiyo yule kijana aliposema amebeba, sikuuliza la pili. Nililisubiri neno hilo miaka miwili."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumwambia Baba, ya siku nyingi, mengine hata hayahusu ng'ombe. Yaliniishia yote. Nilimshika mkono, ukiwa na harufu ya pumba na mate ya mnyama.

Alhamisi, 8 Mei

Baba kampeleka Bi Mdogo machinjioni mwenyewe, kwa kamba, kwa miguu. Hakutaka gari, alisema gari litamtisha. Alipita njia ya mashamba ili asikutane na mifugo ya watu. Wifi alimfuata nyuma kwa mbali, mvua ikinyesha, akiwa na mwavuli ambao Baba hakuutumia. Hakuna aliyemtuma. Walirudi pamoja saa za chakula, wote wameloa, na Wifi akamchemshia maji ya kuoga kabla hajajibadilisha mwenyewe. Naandika hapa kwamba nilimkosea yule mwanamke, kwa mengi, na kwa la dalali pia, maana lile alilitafuta kwa ajili ya Baba.

Baba kaoga, kala, kalala. Kibanda kimefungwa.

Jumatatu, 12 Mei

Chanjo zizi la chini. Daktari sasa anaongea mpaka anachosha. Ametueleza chanjo inavyohifadhiwa, inavyotikiswa, na habari za shemeji yake anayefuga kuku. Baba anamwita Redio.

Alhamisi, 15 Mei

Mmoja wa wale watatu, yule mweusi, katupa mimba.

Jumanne, 20 Mei

Yule wa mimba kubwa kazaa salama, jike. Ndama kapimwa sikio kabla hata hajakauka vizuri, na katengwa na mama yake kwenye chumba cha nyasi. Baba hukaa nje ya mlango wa chumba hicho na haingii. Mikono kaifunga nyuma.

Jumamosi, 24 Mei

Jua siku nzima. Barabara inakauka.

Mkwe kapiga, ametafuta gari, atakuja Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Nikasema sawa, karibu. Nilipokata simu Wifi alikuwa ananitazama. Akasema, "Hujawaambia." Nikamwambia nitawaambia. Akasema wakiona ng'ombe mzima na anatoa maziwa hawatauliza, na ndama akizaliwa kule akiwa mbovu watapima wao, ni miezi bado, nani atajua alitoka nacho wapi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananisomea tu yaliyokuwa kichwani mwangu.

Nimekwenda kumtazama Madoa. Anameremeta. Tumbo limeanza kuonekana upande wa kulia.

Jumapili, 1 Juni

Majibu ya ndama: safi. Baba kaingia chumba cha nyasi na kakaa humo mpaka adhuhuri.

Jumatano, 4 Juni

Kila siku nashika simu nampigia binti, na kila siku tunazungumza habari nyingine. Leo tumezungumza mapazia.

Binti yangu hana ng'ombe mwingine, huo ni ukweli, na nimejaribu kuushika huo ukweli mmoja na kulala nao. Lakini majirani zake wanao. Ng'ombe wa mtaa wote wanakunywa birika moja, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kwa fahari, kwamba maji yako karibu. Ndama akizaliwa kule akanyweshwa siku moja tu pale birikani, mwaka ujao wenzake wote watakuwa wanatupa mimba, na hakuna atakayejua kwa nini, ila mimi.

Mwezi uliopita nilimsema Baba vibaya kwa siku mbili tatu za kutokuamua. Mimi nina wiki nzima na zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Kaja. Niliposikia gari nilikuwa bado sijasema kitu.

Mkwe wangu ni kijana wa heshima. Alishuka, akanisalimia kwa kuinama kidogo, akamsalimia Baba, akauliza hali za wote na za mifugo, ndipo akafungua nyuma ya gari kutuonyesha. Walikuwa wametandika nyasi kavu, nene, na kufunga magunia pembeni ili asijigonge. Yote hayo kapanga binti. Kamba mpya wameleta, laini, isimkate.

Baba alinitazama. Nilijua kama nikimtupia jicho tu atalisema yeye, na angelisema vizuri, na kosa angelibeba yeye. Sikumtupia.

Nikamwambia mkwe, "Ng'ombe haendi."

Akadhani nimemaanisha leo. Akasema anaweza kulala, kesho pia gari lipo. Nikamkalisha kwenye ngazi ya jikoni nikamweleza, tangu simu mpaka joto la Madoa. Alisikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akasema kwa upole, "Lakini Mama, mbona ni mzima?"

"Yeye mzima. Mgonjwa ni aliye tumboni. Huenda."

"Huenda?"

"Huenda."

Niliona jinsi neno hilo lilivyo dogo kuliko gari, nyasi na magunia. Akaomba ruhusa ampigie mkewe, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Binti kwanza alicheka, akadhani tunamtania. Kisha tulisikia kuku wa huko kwake.

Akasema, "Mama, wa tumboni anaweza pia kuwa mzima?"

"Anaweza."

"Na mkingoja azaliwe mtajua?"

"Tutampima siku hiyo hiyo. Akiwa safi utawachukua wote wawili. Asipokuwa safi, utamchukua Madoa peke yake. Ila hapa hatoki na mimba hiyo."

"Hiyo ni lini?"

"Oktoba."

Nilitaka anifokee. Ningejua la kufanya na mtu anayenifokea. Badala yake akauliza Madoa anatoa maziwa kiasi gani siku hizi, nikamwambia. Akasema, "Basi nipeni hata maziwa yake. Nimeshawaambia watu wote hapa kwamba leo tunakunywa ya kwetu."

Nikachukua ndoo nikaenda zizi la juu. Nililia huko, kichwa kwenye ubavu wa Madoa, mkono ukiendelea na kazi, naye akatafuna tu. Upande ule ndipo alipo yule wa tumboni, na nilimhisi akinipiga teke la kwanza kwenye paji la uso. Nilimimina ndoo kwenye dumu, likajaa. Wifi alilifuta, Baba akalibeba mwenyewe mpaka garini, akalilaza katikati ya nyasi nene palipotandikiwa ng'ombe, na mkwe akalifunga kwa ile kamba mpya ili lisimwagike njiani.